Kihisi shambani

Kifaa cha kuchomeka ardhini kupima unyevu wa udongo kimeanza kuitwa "sensa". Naliona jina hilo baya, hata kama mafundi wamelizoea. Sensa tunayo tayari: ya watu na makazi mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120, na ipo pia Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Mkulima wa zabibu wa Makutupora au Hombolo, Dodoma, akiambiwa shamba lake litawekewa sensa, ana haki ya kutarajia karani mwenye dodoso.

"Kihisi" linafaa zaidi, na kazi ya kifaa chenyewe inalitetea. Atakayepinga kwa hoja kwamba hisia ni za viumbe atazame vibamba viwili vya shaba vya kifaa hicho, vilivyofunikwa visiguse maji. Havihesabu chochote, vinaathiriwa tu. Udongo ukilowa, uwezo wa vibamba kutunza chaji hupanda, maana maji huukuza takriban mara 80 kuliko hewa, udongo mkavu mara chache tu. Kupima ni kazi ya sakiti iliyo nyuma ya vibamba, nayo tuiite sakiti ya kusoma, kama tunavyosema kusoma mita. Huchaji vibamba, hupima muda wa kujaa, kisha hulala. Kulala huko ndiko kunakookoa betri: udongo wa Dodoma, hata kiangazi, haukauki kwa dakika, hivyo kusoma mara moja kwa saa, kwa milisekunde chache, kunatosha kabisa kumwambia mkulima lini afungulie maji.