Saibapanki ya Kuchekesha na Msomaji wa Singida

Saibapanki, yaani utanzu wa bunilizi ya kisayansi unaosimulia maisha ya watu wa hali ya chini katika ulimwengu unaotawaliwa na kompyuta na makampuni makubwa, ulipata jina lake kutokana na hadithi fupi ya Mmarekani Bruce Bethke iliyochapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata ukapata umaarufu kwa riwaya ya William Gibson, Neuromancer. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa imetoa amri mwaka 1974 ya kuzuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini, baada ya mashine zilizokabidhiwa hesabu za serikali kuzivuruga. Na ni vigumu kumpata mwandishi wa utanzu huo aliyebuni kisa cha kuchekesha kuliko hicho cha dola kuipiga kompyuta marufuku.

Kicheko kilichukua muda kuingia katika utanzu wenyewe, ambao mwanzoni ulinuna mno. Katika Snow Crash (1992), Neal Stephenson alimfanya shujaa wake kuwa msambazaji wa piza anayeitumikia Mafia, na miaka mitatu baadaye Bethke mwenyewe, katika Headcrash, alimpa mhusika wake kifaa cha kumuunganisha na mtandao kinachopachikwa mahali pasipotajika mbele ya wakwe. Mvuto wa kazi hizi hautokani na mashine, ambazo huchakaa upesi, bali na fursa anayopewa mnyonge ya kumcheka mwenye mashine.

Fursa hiyo si ngeni katika Kiswahili. Mwanasosholojia wa Kenya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, alichapisha mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie, lakini anamudu kukiendesha hadi kwenye jamii isiyo na mabwana wala watwana. Hakuna kompyuta za Gibson humo, ila kejeli dhidi ya watawala ipo tele.

Singida nayo ina kisa kinachostahili kusomwa sambamba na hayo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwashtaki watu kwa mauaji ya "watu-simba", ambao, kwa imani iliyokuwapo, walikuwa binadamu waliofugwa, wakavishwa ngozi na kukodishwa na wamiliki wao wakaue. Vifo hivyo havikuwa jambo la kuchekwa. Lakini mwili wa mtu kumilikiwa na kuendeshwa na mwingine kwa malipo ndiyo hofu kuu ya saibapanki, nayo ilisimuliwa Unyaturu, huko huko Singida, kabla kompyuta ya kwanza haijafika nchini.

Kicheko chenyewe kimekuja Singida na simu. Msomaji wa Manyoni au Iramba aliyepokea ujumbe wa tapeli asiyemjua, unaomwelekeza "ile hela" aitume kwenye namba nyingine, hahitaji kufundishwa utanzu huu. Riwaya itakayomkutanisha mtu-simba na tapeli huyo bado inasubiri mwandishi, na inafaa atoke Singida.