Daftari na Msomaji Wake: Historia Fupi ya Miongozo ya Kuhoji Hifadhidata

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii humhimiza mwenye mali aandike, lakini haimtaji yule atakayelisoma daftari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya miongozo ya kuhoji hifadhidata ni historia ya kubadilika kwa msomaji, na kwamba msomaji wa leo, wakala wa akili unde, anatulazimu kuyaandika mambo ambayo zamani tuliyaacha yajulikane yenyewe.

Kabla ya mwaka 1970, aliyetafuta habari katika hazina kubwa ya kompyuta alihitaji, kwa kawaida, kuzijua njia za kupitia ndani yake hadi kuifikia rekodi aliyoitaka. Mwongozo wake ulikuwa mfano wa ramani, na msomaji wake alikuwa fundi. Mnamo Juni 1970, E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alipendekeza kwamba data ionekane kwa mtumiaji kama majedwali, naye aseme anachokitaka bila kueleza njia ya kukifikia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, walitangaza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye iliitwa SQL. Walitumaini kwamba hata wasio wanaprogramu wangeitumia. Lugha hiyo ilisanifishwa nchini Marekani mwaka 1986, na kimataifa mwaka 1987.

Wengine walijaribu kumwachia mtu aulize kwa lugha yake ya kila siku. Mwaka 1961 programu ya BASEBALL ilijibu maswali ya Kiingereza kuhusu michezo ya msimu mmoja wa besiboli. Mwaka 1971 William Woods na wenzake waliwaonyesha wanajiolojia mfumo wa LUNAR, uliojibu maswali kuhusu miamba iliyoletwa kutoka mwezini. Mifumo hiyo ilifaulu kwa kuwa uwanja wake ulikuwa finyu, na maana za maneno yake zilikuwa zimekwisha kuwekwa na watungaji.

Mnamo Novemba mwaka huo wa 1971 lilitoka toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Kila amri ilielezwa kwa mpango mmoja: jina lake, namna ya kuiita, kazi yake, na hata kasoro zake. Desturi hiyo ya kukiri kasoro ni ya kusifiwa. Hata hivyo, mwongozo ulimwandikia binadamu, ambaye akikwama humwuliza mwenzake.

Msomaji wa sasa hana mwenzake wa kumwuliza. Tangu mwaka 2023 imekuwa desturi kuipa modeli ya lugha zana kwa kuiandikia jina la zana, maelezo yake, na vigezo vinavyohitajika. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi, Model Context Protocol, ya kuziunganisha modeli na zana pamoja na data kwa utaratibu mmoja. Wakala huchagua zana, na kuiandikia hoja, kwa kuyategemea maelezo hayo. Basi maelezo si kiambatisho tena. Yamekuwa sehemu ya zana yenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme idara ina hifadhidata ya msamiati wa lahaja za Kiswahili, na katika jedwali mna safu iitwayo "saa", inayoonyesha wakati msimulizi aliporekodiwa. Mkusanyaji aliandika "2" kwa maana ya saa mbili asubuhi. Wakala asiyeambiwa atadhani ni saa nane za usiku. Tena, tuseme safu ya lahaja imeachwa tupu kwa wasimulizi kadhaa. Akiulizwa ni wangapi wasiosema Kimvita, wakala ataandika hoja sahihi kisarufi, lakini SQL itawaacha nje wale wote ambao lahaja yao haikuandikwa, kwa sababu katika lugha hiyo kulinganisha na kisichojulikana hakuleti kweli wala uongo. Idadi itakayorudi itakuwa pungufu, nayo italetwa bila onyo. Hapa ndipo penye hatari: kosa la sarufi hupiga kelele, bali kosa la maana hunyamaza.

Kwa hiyo maelezo mema hayana budi kutaja maana ya kila safu, kipimo chake, maana ya nafasi tupu, idadi ya safu mlalo zitakazorejeshwa kwa mara moja, na lini zana isitumiwe. Lakini maneno yana mpaka wake. Kuandika "usifute data" ni nasaha, wala si kufuli. Ruhusa ya kusoma tu sharti iwekwe katika hifadhidata yenyewe.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Sisi tunaona vingine. Mhandisi anajua jedwali limepangwaje. Anayejua "saa mbili" ni wakati gani ni mjuzi wa lugha. Asipoketi karibu na mhandisi maelezo yanapoandikwa, makusanyo ya lugha zetu yatajibu maswali kwa ufasaha na kwa makosa, na mali itapotea ingawa daftari lipo.