Anayeweza Kuuza Anaweza Kusubiri: Historia Fupi ya Gawio kutoka Amsterdam hadi Nakivale

Zillow ni kampuni ya Marekani inayotangaza mtandaoni nyumba za kuuza na za kupanga. Ilifungua tovuti yake mwaka 2006, ikaingia soko la hisa mwaka 2011, na tangu hapo haijawahi kuwalipa wanahisa wake gawio. Vikundi vya akiba vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nilikokulia, hufanya kinyume: mwaka ukiisha hufungua sanduku na kugawana kila kilichomo. Ni rahisi kusema kwamba matajiri wana subira na maskini hawana. Katika insha hii napinga maelezo hayo. Nadai kwamba anayeweza kuuza hisa yake anaweza kusubiri, na asiyeweza kuiuza hana budi kudai apewe chake mkononi.

Tuanzie Amsterdam. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda Kampuni ya India Mashariki. Waliotoa mtaji waliahidiwa hesabu baada ya miaka 10, lakini fedha zilimezwa na meli, ngome na vita. Mwaka 1609 mfanyabiashara Isaac Le Maire, aliyekuwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa mwanzo, aliwashtaki wakurugenzi kwa kiongozi wa serikali. Mwaka uliofuata kampuni ilitoa gawio la kwanza, tena kwa basibasi badala ya fedha taslimu. Mwanahisa aliyetaka fedha alilazimika kuitafutia basibasi hiyo mnunuzi. Hata hivyo, hisa zenyewe ziliweza kuhamishwa kwa mtu mwingine katika daftari la kampuni. Aliyechoka kusubiri aliuza akaondoka, na kampuni ikadumu karibu karne mbili.

Nyumba ni mali ngumu kuuza kuliko viungo, na hapo sheria iliingilia. Mwaka 1960 Marekani iliruhusu mifuko inayokusanya fedha za watu wengi, kununua majengo na kuwagawia kodi ya pango. Ili mfuko usamehewe kodi ya kampuni, ulitakiwa kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake. Kenya ilifuata kwa kiwango cha asilimia 80. Novemba 2015 mfuko wa Fahari uliingia Soko la Hisa la Nairobi, kipande kimoja kikiwa kimeuzwa kwa shilingi 20. Gawio lilitolewa, lakini bei ya kipande ilishuka. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Sheria iliweza kulazimisha gawio, lakini haikuweza kumlazimisha mtu anunue kipande kwa bei ya mwanzo.

Zillow haiishi kwa kodi ya pango. Mapato yake hutoka hasa kwa mawakala wa nyumba wanaolipia matangazo. Novemba 2021 ilitangaza kuacha biashara ya kununua nyumba na kuziuza tena baada ya kupata hasara. Mwezi uliofuata bodi yake iliidhinisha dola milioni 750 za kununua hisa zake yenyewe. Kwa hiyo, hata ilipoamua kuwarudishia wanahisa fedha, ilipitia njia ileile ya kuuza: aliyetaka fedha aliuza hisa, aliyetaka kusubiri akabaki nayo.

Sasa turudi Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo Wakongo ni wengi. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, lakini Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinamkataza kukiuza au kukikodisha. Akiba yake nayo haiuziki. Sisi Wakongo tulikuja na likelemba yetu. Kikundi chenye sanduku la kufuli tatu kilitokana na mtindo ulioanza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Hisa hupigwa mhuri katika kijitabu cha mwanachama, na hakuna soko la kuiuzia.

Katika kikundi ambacho mimi ni karani wake, upande wa Rubondo, vijana walipendekeza tusigawane fedha zote. Tubakize sehemu, walisema, tukodi kiwanja Mbarara kwa miaka mingi na kujenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Wazo halikuwa la ovyo: Mbarara ina chuo kikuu tangu 1989, na ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Mama mmoja akauliza, "Nikiitwa kwenda Marekani mwezi wa tatu, chumba changu nitakibeba kwenye mfuko gani?" Hatukuwa na jibu. Tuligawana zote.

Uamuzi huo una gharama. Kikundi kinachogawa kila kitu huanza na sanduku tupu kila mwaka, na hakitajenga hata chumba kimoja. Lakini yule mama hakukosa subira, kwani alikuwa ameweka akiba kila wiki kwa mwaka mzima. Alichokosa ni mtu wa kununua hisa yake siku ya kuondoka.

Kwa hiyo semina zinazotuhimiza kuwekeza kwa muda mrefu zinaanzia mwisho. Kinachotangulia ni kanuni iliyoandikwa: anayeondoka atalipwa na kikundi, kwa bei inayokubaliwa kila mwaka, kutoka fungu lililotengwa kwa kazi hiyo tu. Nimeipendekeza kwa wenzangu, na itajadiliwa kabla ya mgao ujao. Ikipita, tutaweza kuzungumza tena juu ya vyumba vya Mbarara.