Lugha iliyosema 'yetu' ikaishia kuwa ya wengi

Majuzi katika kipindi cha isimujamii niliwataja Wailokano wa Ufilipino, na mwanafunzi mmoja aliyewahi kufanya kazi Qatar akanikatiza: "Prof, hao si ndio wale wabahili?" Aliyasikia hayo kwa Wafilipino wenzake kazini. Darasa likaangua kicheko. Mzaha wa aina hiyo tunaujua sana humu nchini. Kila kabila limepachikwa tabia yake, na likishapachikwa hakuna anayejisumbua kuuliza historia.

Hebu tuiulize. Kwao Wailokano ni ukanda mwembamba wa pwani, kaskazini magharibi mwa kisiwa cha Luzon, uliobanwa kati ya bahari na milima ya Cordillera. Ardhi ni finyu. Isitoshe, kuanzia 1782 serikali ya kikoloni ya Uhispania iliihodhi biashara ya tumbaku kwa karne nzima. Mwaka 1786 ikawapiga marufuku kujitengenezea kileo chao cha miwa, ambacho (msicheke) huitwa basi. Watu wa Piddig waliasi Septemba 1807, na kabla ya mwezi kwisha wakawa wameshindwa. Watu waliopitia hayo wakijifunza kuweka akiba, huo ni ubahili?

Wengine walihama. Desemba 1906 wanaume 15 waliwasili Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na hadi 1946 maelfu walikuwa wamewafuata, wengi wao Wailokano. Leo Chuo Kikuu cha Hawaii kilichoko Mānoa kinafundisha Kiilokano hadi kiwango cha shahada.

Lakini linalonivutia mimi zaidi ni kiwakilishi kimoja. Zamani lugha hiyo iliitwa pia Samtoy, jina ambalo husemekana limetokana na 'sao mi ditoy', yaani 'lugha yetu ya hapa'. Hiyo 'mi' si 'yetu' kama tuijuavyo. Ni yetu sisi, wewe unayesikiliza humo. Wangetaka kukujumuisha wangesema 'tayo'. Kiswahili hakitofautishi. Mwenyeji akisema "chakula chetu kimefika", mgeni hubaki akijiuliza kama anawe mikono au aage. Wasomaji wanaozungumza Kisomali hawatashangaa, kwani wao wana 'annaga' na 'innaga'.

Basi lugha iliyojitambulisha kwa 'yetu' ya kuwatenga wengine ikaja kufanya nini? Ilipanda milima na wafanyabiashara na wahamiaji, ikawa lugha ya mawasiliano ya Luzon kaskazini. Mwibaloi na Mkankanaey wakikutana sokoni Baguio, hununua na kuuza kwa Kiilokano. Kiswahili nacho kilitoka pwani kikafanya safari kama hiyo kuelekea bara, kwa hivyo hatuhitaji kuelezwa mengi.

Si lugha ya mdomo tu. Mwaka 1621 kitabu cha mafundisho ya Kikristo kilichapishwa kwa Kiilokano, kazi ya padri Francisco López akisaidiwa na Pedro Bucaneg, mshairi aliyekuwa kipofu. Mwaka 1889 Isabelo de los Reyes, mwana wa mshairi Leona Florentino, alianzisha gazeti la El Ilocano, na humo ndimo ulimochapishwa utendi wa Lam-ang. Jarida la Bannawag, maana yake 'alfajiri', limekuwapo tangu 1934. Mkoa wa La Union uliifanya lugha hiyo kuwa rasmi mwaka 2012.

Ndiyo maana sheria waliyoipitisha Ufilipino Oktoba 2024 inanikera. Imeondoa ulazima, uliowekwa kisheria 2013, wa kuwafundisha watoto wa chekechea hadi darasa la tatu kwa lugha ya mama. Sasa lugha hizo ni za hiari, tena kwa masharti: pawepo tahajia rasmi, msamiati ulioandikwa, fasihi, kitabu cha sarufi na walimu, na watoto wote darasani wawe wa lugha moja. Kiilokano hakina shida na fasihi wala sarufi. Ila darasa la watoto wa lugha moja utalipata wapi Baguio, mji ambao Kiilokano chenyewe ndicho kilichowaunganisha wenye lugha mbalimbali? Mwalimu wa gredi ya kwanza pale Nakuru ataelewa swali langu bila ufafanuzi.