Mbung'o na Majina Yake

Wasikilizaji, kuna nzi mmoja ambaye mfugaji humjua kabla hajamwona, kwa kuwa humtambua kwa hali ya ng'ombe wake. Manyoya ya mnyama husimama, macho hutoka machozi, mbavu huonekana ijapokuwa nyasi ni tele, na mwisho huanguka asiinuke tena. Watu wa Pwani humwita nzi huyo mbung'o. Wengine wa bara humwita ndorobo. Waganda humwita kivu. Nao Watswana wa kusini humwita tsetse, na jina hilo la Kitswana ndilo lililoenea duniani. Leo nataka kueleza jinsi alivyopata majina mengine, yale ya Kilatini yaandikwayo vitabuni, na kwa nini majina hayo, ambayo wengi hudhani ni mchezo wa wataalamu wasio na kazi, yamekuwa jambo la uhai na mauti katika nchi zetu.

Kwanza yafaa tujue desturi yenyewe. Mwaka wa 1758 Msweden mmoja, Carl Linnaeus, alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha kupanga viumbe, na humo kila mnyama alipewa majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Ni kama sisi tusemavyo Juma bin Hamisi, ila wao hutanguliza ukoo. Tangu hapo, mtu akipata mdudu asiyeandikwa bado, humchoma pini, humbandikia kikaratasi chenye mahali na siku aliyokamatwa, huandika sifa zake zote, kisha humtangaza kwa jina katika kitabu au gazeti la elimu. Mdudu yule wa kwanza huwekwa katika nyumba ya makumbusho awe kielelezo. Watu wakibishana miaka mia baadaye kama huyu ndiye au siye, huenda wakamtazama yule aliye kwenye pini. Aina za wadudu zilizokwisha kuandikwa kwa desturi hii sasa zakaribia milioni moja, na zisizoandikwa bado ni nyingi kuliko hizo.

Mbung'o aliingia vitabuni mwaka wa 1830. Aliyemwandika ni tabibu Mjerumani, Christian Wiedemann wa mji wa Kiel, aliyemwita Glossina longipalpis. Glossina limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ulimi, kwa sababu ya ule mdomo mrefu unaotokeza mbele ya kichwa kama sindano. Wiedemann hakupata kukanyaga Afrika, na hakujua kwamba nzi yule analeta madhara. Kwake alikuwa nzi mmoja katika mamia ya nzi wa nchi za mbali. Jambo moja hunichekesha kila nilifikiripo. Wiedemann alikuwa mwalimu wa ukunga, akifundisha watu jinsi ya kuzalisha, na nzi aliyempa jina ndiye anayezaa kwa namna ya ajabu kupita nzi karibu wote. Mbung'o jike hatagi mayai. Huchukua mimba ya funza mmoja tu, humlisha tumboni kwa namna ya maziwa, kisha baada ya siku tisa au kumi humzaa mzima, naye funza hujifukia mchangani papo hapo na kufunga gamba gumu jeusi. Mkunga yule hakuwa na habari hata kidogo.

Mwaka ule ule wa 1830 tabibu mwingine, Mfaransa Robineau-Desvoidy, alimwandika mbung'o wa pili kwa jina la palpalis, naye akamtia katika ukoo mwingine aliouzua yeye. Baadaye ilionekana kwamba wote wawili ni wa ukoo mmoja, wakawekwa pamoja chini ya Glossina. Mambo ya namna hiyo hutokea mara nyingi katika kazi hii, nayo si aibu. Watu wawili wakiwa mbali hawawezi kusikilizana.

Basi kule kusini wenyeji walikuwa wakimjua tsetse kwa hasara yake. Walijua nchi zake na mipaka yake, na wakilazimika kupitisha mifugo huko walipita usiku, hasa usiku wa baridi, kwa sababu nzi yule ni wa mchana. David Livingstone aliandika kwamba katika safari moja fupi ng'ombe wake 43 walikufa kwa kuumwa naye. Mwindaji Major Vardon alichukua nzi wachache akawapeleka Uingereza, na mwaka wa 1850 mtaalamu Westwood akamwandika huyo kwa jina la Glossina morsitans, yaani mwenye kuuma. Kwa maoni yangu jina hilo ni bora kuliko mengi, kwa kuwa lataja tendo la mdudu, wala si sura yake tu. Hata hivyo bado hakuna aliyejua kinachoua. Wengi walidhani nzi ana sumu kama nyoka.

Aliyefunua siri hiyo ni tabibu wa jeshi, David Bruce, aliyekaa Ubombo katika nchi ya Wazulu pamoja na mkewe Mary, kuanzia mwaka wa 1894. Wawili hao walitazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini, wakaona vijidudu vyembamba vikirukaruka kama mikunga midogo kati ya chembe za damu. Na Bruce akathibitisha kwamba mbung'o huvichukua kutoka kwa mnyama mmoja na kuvitia kwa mwingine. Ugonjwa huo Wazulu waliuita nagana.

Punde si punde kukatokea msiba mkubwa kuliko wa ng'ombe. Mwaka wa 1901 matabibu wa misheni ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa malale Uganda. Ugonjwa ulienea pwani ya Ziwa Victoria na visiwani, na katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Buganda na Busoga. Vijiji vizima vilibaki bila watu. Mwaka wa 1902 tabibu Castellani aliona vijidudu vya namna ile ile katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka wa 1903 Bruce akapelekwa Uganda.

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ndipo penye kazi iliyonivutia kuliko zote. Bruce hakuweza kuzunguka nchi nzima mwenyewe. Aliomba msaada kwa Katikiro Apolo Kagwa, kwa machifu na kwa wamisionari, nao wakaagiza watu wakamate nzi wanaouma katika kila sehemu ya nchi na kuwapeleka wamefungwa katika karatasi, pamoja na habari ya mahali walipokamatwa na kama malale yapo huko au hayapo. Vifurushi vikaja kutoka pande zote. Kila kimoja kilifunguliwa, na nzi akatazamwa kama ni kivu au siye. Kisha zikachorwa ramani mbili, moja ya ugonjwa na moja ya kivu. Zilipolinganishwa, ilionekana kwamba malale hayakuenea popote pasipokuwa na nzi yule. Majina ya wavuvi na wakulima waliokamata nzi wale hayamo vitabuni, ila bila mikono yao ramani ile isingalichorwa. Matokeo yake yalikuwa makali: kuanzia mwaka wa 1906 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu kutoka kando ya ziwa, na kufika mwaka wa 1909 hata visiwa vya Sese vilikuwa vitupu. Watu waliacha migomba yao, makaburi ya wazee wao na mitumbwi yao.

Wakati ule kivu cha ziwani kilidhaniwa kuwa ni palpalis yule yule wa Afrika ya Magharibi. Lakini kule Liverpool mtaalamu Robert Newstead alikuwa ameanza kuwatazama mbung'o kwa njia mpya. Wa kwanza walitazama rangi, urefu na miguu. Yeye alitazama ncha ya tumbo la dume, vile viungo vya kushikia jike, ambavyo hutofautiana kwa kila aina kama funguo za makufuli mbalimbali. Kwa njia hiyo alimtenga mbung'o wa ziwani mwaka wa 1910 kwa jina la fuscipes, maana yake mwenye miguu myeusi. Naye Ernest Austen wa makumbusho ya London, aliyetoa kitabu kizima cha mbung'o mwaka wa 1903, alikuwa ameandika pallidipes, mwenye miguu ya rangi hafifu. Mwaka wa 1912 Newstead alimheshimu Austen kwa kumwita mbung'o mwingine austeni. Jina hilo lishikeni, tutalihitaji.

Msikilizaji aweza kuuliza, mimi nitamjuaje mbung'o? Mtazame akiwa ametua. Nzi wengine huacha mabawa yao kando kando. Mbung'o huyalaza mgongoni, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Na katikati ya bawa, mishipa yake huzunguka nafasi yenye umbo la shoka. Hizo ni alama za ukoo mzima. Kumtambua mmoja mmoja katika zile aina zaidi ya 20 ndiyo kazi.

Na kazi hiyo ina faida gani? Tazama Shinyanga. Huko alikuwako C. F. M. Swynnerton, msimamizi wa wanyama wa Tanganyika, aliyechunguza mbung'o hata alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1938. Mbung'o wa nchi ile alifanana sana na morsitans, lakini Austen alimwandika peke yake mwaka wa 1923, akamwita swynnertoni. Morsitans ni wa miombo, fuscipes hukaa penye kivuli kando ya maji, swynnertoni hupenda vichaka vyepesi vya miiba katika nchi kavu. Basi kila mmoja ana kichaka chake, na anayefyeka kichaka cha mwingine anajichosha bure. Wasukuma wa Shinyanga, chini ya watemi wao, walifyeka vichaka vile vya miiba kwa mashoka, maelfu ya watu kwa pamoja, na ng'ombe wakarudi katika malisho yaliyokuwa yamepotea.

Huko huko Shinyanga F. L. Vanderplank aligundua kwamba morsitans na swynnertoni hupandana, lakini uzao wao huwa mchache mno, na wengi wazaliwao ni tasa. Mwaka wa 1944 akawaachia morsitans kwa wingi katika nchi kavu ya swynnertoni. Wenyeji wakapungua kwa kupandana na wageni, na wageni nao hawakuweza kudumu katika ukavu ule. Naona haya ni maarifa ya hali ya juu: alitumia tofauti ya aina mbili kuwa silaha.

Nusu karne baadaye fikira iliyo karibu na hiyo ilitimizwa Unguja. Kisiwa kile kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, naye ni austeni. Kwanza walipunguzwa kwa mitego na kwa dawa iliyopakwa ng'ombe. Kisha kutoka mwaka wa 1994 hadi 1997 madume zaidi ya milioni 8 ya austeni yalizalishwa Tanga, yakapigwa miale iliyoyafanya tasa, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike hupandwa mara moja tu kwa kawaida, basi aliyepandwa na dume tasa hazai tena. Madume ya aina nyingine yasingalifaa kitu. Mbung'o wa mwisho alikamatwa mwezi wa Septemba 1996.

Bara hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa nchi moja yaweza kuwa na aina mbili au tatu pamoja. Swynnertoni yu hai hadi leo, naye hapatikani popote duniani ila kaskazini ya Tanzania na sehemu ya Kenya inayopakana nayo. Katika mbuga za Serengeti hufuata magari ya watalii, kwa maana mbung'o huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda, asijali kama ni nyati au ni gari.