Nani Mwenye Klabu? Charlotte Kalla na Michezo ya Wasichana Kambove

Charlotte Kalla alizaliwa mwaka 1987, akakulia Tärendö, kijiji cha watu mia chache katika manispaa ya Pajala, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Kati ya Olimpiki ya Vancouver 2010 na ya Pyeongchang 2018 alijipatia medali tisa katika mbio ndefu za skii: dhahabu tatu na fedha sita. Huko Sochi, mwaka 2014, alipokea zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana Uswidi ikiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 20. Akawafikia waliokuwa mbele, wa Finland na wa Ujerumani, akawapita kwenye mita za mwisho.

Msomaji wa jimbo la Haut-Katanga, huku Kongo, atasema kwamba sisi hatuna theluji. Ni kweli, ila jibu hilo linatufungia mlango kabla hatujaingia. Pajala ni nchi ya madini kama Kambove, mji wetu wa shaba, na swali linaloziunganisha ni hili: mtoto mwenye kipaji anapokulia kwenye mji wa mgodi, nani anashika klabu yake?

Uswidi, klabu ni chama cha wanachama. Kocha wa watoto mara nyingi ni mzazi asiyelipwa, na kila baada ya mazoezi huandika mahudhurio. Kwa mahudhurio hayo, ya watoto na vijana wa miaka 7 hadi 25, klabu hupata ruzuku ya serikali kupitia Shirikisho la Michezo, lililoundwa mwaka 1903. Manispaa nazo hutunza njia za skii zenye taa za umeme, maana majira ya baridi huko giza huingia mapema mno. Kalla alipofikia umri wa sekondari alikwenda Gällivare, mji wa mgodi wa chuma, kwenye shule inayounganisha masomo na skii. Tangu kijijini hadi huko, kila hatua ilikuwa na mlezi wake, na hakuna mlezi aliyeweza kuanguka na wote.

Sasa tazama mgodi wenyewe. Mgodi wa Kaunisvaara, katika manispaa hiyohiyo ya Pajala, ulianza kuzalisha mwaka 2012. Desemba 2014 kampuni iliyouendesha, Northland Resources, ikafilisika, na uchimbaji haukurudi hadi 2018, chini ya Kaunis Iron. Miezi miwili na nusu baada ya kufilisika huko, Kalla alishinda kilomita 10 kwenye ubingwa wa dunia wa Falun. Najua wakati huo alikuwa amekwishakomaa, kwa hiyo medali ile haithibitishi mengi. Lakini haki ya klabu kupata ruzuku haikuwa imeandikwa kwa jina la mgodi, na hilo linathibitisha mengi.

Kambove mambo yaliwekwa kinyume. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya utaifishaji wa 1967 kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, ilitoa nyumba, posho, hospitali, shule na uwanja wa mpira. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameonyesha jinsi familia za wafanyakazi zilivyoiona kampuni kama baba. Ilikuwa malezi ya kweli. Waliokulia kwenye kambi za wafanyakazi wanaikumbuka kwa shukrani, na hawakosei. Ila baba huyo alishika kila kitu mkononi mwake. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines uliporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi takriban 30,000 mwaka 1994, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini. Michezo ya kambini haikuwa na daftari la mahudhurio wala hati ya uwanja ya kujitetea.

Philip Boit wa Kenya alionja utegemezi huo wa mlezi mmoja kwenye skii yenyewe. Nike ilimpeleka Finland mwaka 1996, akashiriki Nagano 1998 na kumaliza wa mwisho katika kilomita 10, na Bjørn Dæhlie, mshindi, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Nike ilipojiondoa, Boit alifika Olimpiki za 2002 na 2006 kwa kuhangaika. Nyuma yake hapakuwa na klabu ya kijiji.

Kwa wasichana mlango ni mwembamba zaidi, na hata Uswidi ulikuwa hivyo. Margit Nordin alimaliza mbio ndefu za skii za Vasaloppet mwaka 1923. Mwaka uliofuata wanawake wakapigwa marufuku, hadi 1981. Kanuni iliwafungia nje, na kubadilishwa kwa kanuni kukawarudisha. Katanga, ushindi wa wanawake wa klabu ya soka ya TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024 umeonyesha kinachowezekana wakipata mlezi. Lakini Mazembe iko Lubumbashi, na msichana wa Kambove anayeosha madini mtoni hawezi kuanzia hapo.

Fedha za kuanzia zipo kisheria. Sheria ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inazipa mamlaka za mahali, yaani miji, komuni, sekta na uchifu, asilimia 15 ya mrabaha, na inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Teritori, kama ile ya Kambove, haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo klabu iombe pale fedha zinapofikia. Iombe kwa mahudhurio, na mahudhurio ya wasichana yalipwe zaidi hadi watakapolingana na wavulana.

Pingamizi kubwa ni kwamba mrabaha nao hukatika mgodi ukisimama. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na bajeti zilizoutegemea zikawa hatarini. Ndiyo sababu sehemu ya fedha hizo iwekwe akiba, na sehemu inunue kisichoondoka na kampuni. Kabla ya jezi na mipira, itafutwe hati ya kiwanja, iandikwe kwa jina la klabu.