Kifua cha Kuazima

Sehemu ya tatu

ILIPOISHIA: Milda na mdogo wake, Ilze, wamejiandikisha kwenda kufanya kazi Uingereza. Kesho yake ni kupimwa. SASA ENDELEA...

Usiku kucha Ilze alikohoa. Milda alimwongezea blanketi lake, yeye akajikunyata ndani ya koti.

Ilikuwa Novemba 1946, katika kambi ya wakimbizi mjini Lübeck, upande wa Ujerumani ulioshikwa na Waingereza. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu waikimbie Latvia, majeshi ya Kisovieti yakirudi. Miaka yote hiyo walikuwa midomo ya kulishwa tu. Ghafla wakawa mali. Hospitali za kifua kikuu za Uingereza hazikuwa na watu wa kufagia wodi, kufua mashuka na kupeleka chakula vitandani, kwa kuwa wenyeji waliikwepa kazi hiyo. Wakatafutwa wanawake wa nchi za Baltiki: umri miaka 21 hadi 40, hawajaolewa, hawana wanaowategemea, wazima wa mwili. Kazi utakayopangiwa huiachi mpaka Wizara ya Kazi ikuruhusu.

Ilisemwa kuwa ni msaada kwa wakimbizi. Lakini kikongwe, mama mwenye mtoto na mgonjwa, ambao ndio hasa waliohitaji mkono, waliachwa pale pale kambini.

“Nitapigwa picha mara mbili,” Milda alinong’ona. “Leo kwa jina lako, kesho kwa langu.”

“Dada, wakikugundua?”

“Sura zetu moja. Na wewe nikuache hapa na nani?”

Bamba la eksirei lilikuwa baridi kama barafu. Vuta pumzi. Ibane. Haya, achia. Kesho yake akarudi, nywele amezifunga namna nyingine, akavuta pumzi ile ile.

Siku ya tatu wakaitwa. Milda akaingia peke yake.

“Wewe ni Ilze?” mkalimani aliuliza.

“Ndiye mimi.”

“Unakohoa?”

“Hata kidogo.” Hapo hakusema uongo.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, ncha ya kalamu ikasimama juu ya pafu la kushoto. Palikuwa na doa jeupe, kubwa kama kifungo cha koti.

“Una kifua kikuu,” mkalimani alitafsiri, macho chini. “Huendi.”

Milda alizitazama zile mbavu. Zilikuwa zake. Ubavu wa tano ulikuwa na fundo, pale ulipovunjika utotoni.

Daktari akaichukua picha ya pili, yenye jina la Milda. Akaiweka juu ya ile ya kwanza. Fundo likakaa juu ya fundo. Doa likakaa juu ya doa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema neno moja kwa mkalimani, naye akaenda kuukomea mlango.

Nje, kwenye benchi, Ilze alikuwa anakohoa.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO. Usikose.